Enid Mawer na Jina la Saba

Tumemzika Enid Mawer Jumanne, na kasisi kijana aliyeletwa kijijini kwetu Haverby mwaka juzi akasimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mama mpole, mkimya, asiyependa makuu. Nilikuwa benchi la tatu, nusura nisimame. Mpole nani? Kijana yule alikuwa anamzika mtu mwingine kabisa. Gazeti la wilaya nalo likatoa mistari minne: msafishaji wa shule kwa miaka thelathini na minane, hakuolewa, alipenda bustani. Bustani! Enid alilima viazi kwa sababu viazi vinaliwa. Kama hakuna wa kusema ukweli juu ya mwanamke yule, basi nitausema mimi, Arthur Leake, mchonga mawe mstaafu. Sehemu ya ukweli huo inanichoma mimi mwenyewe, lakini nimekaa nao miaka arobaini na nimechoka.

Alizaliwa mwaka 1918 katika nyumba ndogo ya matofali ng'ambo ya mfereji, ambako baba yake alikuwa mtunza nguruwe wa akina Thurlby. Hiyo ng'ambo ya mfereji ikumbukeni, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Baba alikufa mapema kwa kifua. Mama yao, Lettie, akawa anafua nguo za watu, na Enid akamlea mdogo wake Cyril, ambaye alimzidi kwa miaka mitatu. Shuleni Enid alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote, na mwalimu alilisema hilo waziwazi. Lakini alipofika miaka kumi na minne aliacha shule akaingia kwenye kundi la wanawake wavuna viazi, mgongo umepinda kutwa kwenye tope la Oktoba, ili Cyril, aliyeshinda nafasi ya shule kubwa ya mjini, apate viatu na kofia ya sare. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Hakuna aliyemshukuru pia, ila Cyril.

Mwaka 1931 ilikuwa zamu ya kuzunguka mipaka. Kwetu Haverby, kila baada ya miaka saba, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, kasisi hutoka na watu wote wakaufuata mpaka wa parokia jiwe kwa jiwe, fimbo mbichi mikononi, na kwenye kila jiwe wavulana wawili watatu hupinduliwa miguu juu wakagongwa utosi, ili wakiwa wazee wasisahau mpaka ulipo. Msitucheke. Uvimbe wa siku ile naukumbuka kuliko siku niliyobarikiwa kanisani. Na wanaogongwa ni watoto wa parokia peke yao. Mtoto wa kwingine hata akiomba hagongwi.

Nyuma ya banda la nguruwe la akina Mawer kuna jiwe moja la mpaka, na hapo siku ile tuligongwa watatu: Neville Thurlby, mtoto wa mwenye shamba, Cyril Mawer, na mimi. Aliyetugonga alikuwa Jabez Codd, mchimba mitaro, mtu mwenye mikono ya kubeba ng'ombe. Neville alilia. Mimi nililia kidogo. Cyril akajifuta vumbi kichwani akauliza kutoka jiwe lile hadi linalofuata ni hatua ngapi, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaenda akizihesabu mwenyewe mpaka mwisho wa safari.

Sasa mtoto wa namna hiyo vita vikija utamweka wapi? Walimweka kwenye ndege ya mabomu, awe mwongoza njia. Aliporudi likizo ya kwanza alitandaza karatasi juu ya meza ya jikoni, akatoa rula na penseli, akawaonyesha mama yake na Enid kazi yake. Enid alinisimulia.

"Kwa hiyo wewe ndo unaendesha?" mama yao akauliza.

"Hapana, mama. Anaendesha rubani. Mimi namwambia aende wapi."

"Na yeye anakusikiliza, mtoto mdogo kama wewe?"

"Asiponisikiliza tunafika Uswidi."

Akawaeleza kwamba hukaa nyuma ya pazia na taa ndogo, hana dirisha la kutazama, wenzake wanaona moto na mizinga na yeye haoni kitu ila karatasi. Kila dakika sita anapiga hesabu upya: mwendo wetu huu, upepo umetusukuma hivi, basi tuko hapa. Anatia alama. Dakika sita nyingine, alama nyingine. Watu sita wengine wanaishi au wanakufa kwa alama zile. Enid alichukua penseli akaijaribu hesabu ya upepo, akaipata mara ya pili, na Cyril akacheka akasema jeshi limemchukua Mawer asiyefaa.

Januari 1944 walikwenda Berlin. Walidondosha walichotumwa, wakageuza, wakasikika mara moja juu ya bahari, kisha basi. Watu saba, na hakuna hata kitufe cha koti kilichorudi. Simu ya maandishi ilimkuta Enid shuleni amepiga magoti anawasha jiko la darasa la watoto wadogo. Aliisoma, akaikunja, akamaliza kuwasha jiko kwanza kwa sababu watoto walikuwa wanaingia, halafu akaenda kumwambia mama yake.

Mara ya kwanza kuona hasira yake ilikuwa mwaka 1946, kwenye foleni ya nyama. Nyama ilikuwa bado ya mgao, foleni ndefu, na foleni ndefu ina midomo mingi. Mke wa mwoka mikate akageuka akasema kwa sauti ya huruma, ile huruma yenye kucha, "Maskini Cyril. Si yeye ndo alikuwa wa njia? Kumbe ndo aliyewapoteza wenzie."

Enid alikuwa nyuma yangu. Alinisogeza pembeni kwa kiganja kimoja.

"We mama," akamwambia, "kutoka kilabuni mpaka mlangoni kwako ni hatua arobaini, na mumeo kila Jumamosi anazikosa. Mdogo wangu alikwenda kule gizani mara kumi na tisa na akarudi mara kumi na nane. Mambo ya njia waachie wenyewe."

Watu walicheka mpaka mchinjaji akaweka kisu chini. Enid hakucheka. Alichukua soseji zake akaondoka. Lettie, mama yao, alikuwa mgonjwa wakati ule na hakuinuka tena kitandani. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa juu ya Cyril. Alikuwa na shida moja tu: kaburi hakuna. Hana pa kuweka maua, hana pa kusimama. "Mwandikishe mahali, Enid," alisema. "Popote. Mtu asipite duniani kama mvua." Enid akamwambia ataandikwa, mama, ataandikwa hapa hapa, mbele ya kanisa. Hakuona sababu ya kuwa na shaka, na mimi nisingeiona pia.

Basi Januari 1949 Haverby ikaunda kamati ya kuongeza majina ya vita vya pili kwenye mnara wa kumbukumbu ulio mbele ya kanisa. Mwenyekiti nani? Neville Thurlby, bila shaka. Baba yake alikuwa amefariki, shamba lake, nyumba kubwa yake, na vita alivipitia akiwa mkulima, jambo ambalo simlaumu, watu walipaswa kula. Kazi ya jiwe nikapewa mimi. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza tangu nianze kujitegemea, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na nilipoitwa kwenye chumba cha kulia cha akina Thurlby nilivua kofia nikiwa bado barabarani.

Mezani kulikuwa na mchoro uliotengenezwa na fundi michoro wa mjini. Bamba la jiwe, upanga katikati umesimama ncha chini, majina matatu kushoto, majina matatu kulia. Mchoro mzuri, sikatai. Nikayasoma majina. Blades, Codd, Epton. Odling, Scrimshaw, Wray.

"Na Mawer?" nikauliza.

Neville akakuna shingo. "Hilo ndo tatizo, Arthur. Alichora sita kwa sababu orodha ya kwanza ilikuwa na sita. Karani alimsahau, basi. Sasa mchoro umeshapitishwa na askofu huko, umeshagongwa muhuri. Ukiweka saba, upande mmoja unakuwa na wanne. Linapinda. Jicho linakataa."

"Tungeweza kuondoa upanga."

"Upanga wameupenda wote."

Nilipaswa kuweka kofia yangu kichwani nikatoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana. Badala yake nilitazama upanga, nikafikiria tumbo la mke wangu, nikasema, "Mtakavyoona ninyi." Nikarudi karakana kukata bamba. Ndiyo, ni mimi. Watu walimwacha mtu baharini mara ya pili kwa sababu ya mizani ya mchoro, na mimi nilikuwepo chumbani.

Wiki iliyofuata Enid akapata barua. Haikutaja mchoro wala upanga. Ilisema kwamba kamati, baada ya kuangalia ramani kwa makini, imeona nyumba ya akina Mawer iko ng'ambo ya mfereji, na kwa kuwa mfereji ndio mpaka, marehemu alikuwa mkazi wa parokia ya Stenby. Inamshauri awasiliane na Stenby. Inampa pole.

Alipanda baiskeli akaenda Stenby, maili nne, upepo wa Machi unampiga usoni. Karani wa kule alimpokea vizuri, akampa chai, akafungua vitabu vyake. Akasema, "Mama, huyu si wetu. Hakubatizwa hapa, hakusoma hapa, hatujawahi kumwona. Stenby haiwezi kuchukua maiti za Haverby." Hivyo ndivyo alivyosema, maiti za Haverby, kana kwamba tungempelekea kwa mkokoteni. Enid akanywa chai yake akaimaliza, akarudi maili nne.

Hebu fikirini. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kujua yuko wapi, kila dakika sita, gizani, risasi zinapita. Yeye ndiye aliyekosa mahali. Rubani wao, aliyetoka Australia, jina lake lilikuwa tayari limechongwa huko kwao. Mpiga mizinga wa nyuma, mtoto wa mchimba makaa, ameandikwa ukutani kwa kanisa lao dogo. Enid alijua, aliandikiana barua na mama zao. Wote sita walifika nyumbani kwa jina, ila yule aliyewaongoza.

Alikuja karakana jioni moja mwezi wa Aprili. Bamba lilikuwa limelala kwenye meza, nimeshalisawazisha, nimechora mistari ya penseli. Akalitazama. Akahesabu.

"Matatu na matatu," akasema.

"Enid, mimi nachonga ninachopewa."

"Sijakuuliza unachonga nini. Naona. Nakuuliza jiwe la mpaka liko wapi."

Nikaokota penseli nikaanza kuichonga.

"Liko nyuma ya banda letu la nguruwe, Arthur. Mfereji alichimba babu yake Neville juzi juzi ili shamba lake likauke. Jiwe lilikuwepo kabla ya Thurlby yeyote. Na wewe uligongwa pale. Na yeye. Na Cyril. Mama alimpaka siagi hapa," akajigusa utosini, "na nyumba nzima ikanuka siagi siku mbili. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi sema."

Nikamwambia kwamba kamati ina watu sita, kwamba mimi ni fundi tu, kwamba ataonekana ananituma. Nilisema mambo mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe watu sita walikuwa wanamwamini Cyril na mimi sina hata mmoja," akatoka. Hakubamiza mlango. Heri angeubamiza.

Kasisi wetu wakati ule alikuwa Pask, mtu mwembamba kutoka kaskazini, mgeni, mwenye shauku ya kila desturi ya zamani. Mipaka haikuzungukwa tangu 1938 kwa sababu ya vita, naye akatangaza kwamba Jumapili ya ishirini na mbili Mei tutazunguka. Neville, kama mzee wa kanisa, akapewa kupanga njia. Akaipanga vizuri sana: kutoka kanisani, kupanda kilimani, kushuka msituni, kisha kufuata mfereji mpaka daraja la mbao, na kurudi kula. Jiwe la nyuma ya banda la nguruwe halikuwemo.

Nilikwenda. Tulikuwa kama watu themanini, watoto wanakimbia na fimbo zao, akina mama wamebeba mikate ya zabibu. Mzee Jabez Codd naye alikuja, ana miaka themanini na moja, amepakiwa kwenye kigari cha punda. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale sita. Tukapita jiwe la kilimani, kasisi akasoma zaburi, kisha akauliza swali linaloulizwa kila jiwe: nani aligongwa hapa? Wazee wawili wakajibu kwa majina yao. Tukapita jiwe la msituni, hivyo hivyo. Enid sikumwona popote, na nikaanza kupumua.

Alikuwa darajani. Amesimama mwanzo wa lile daraja la mbao, mundu mkononi, mikono imechanwa na miiba mpaka kwenye viwiko. Amevaa nguo yake ya kazini, Jumapili.

"Karibuni," akasema. "Njia ni huku."

Neville akasogea mbele akicheka cheka. "Enid, tunafuata mfereji. Imeshapangwa."

"Imepangwa na wewe. Kasisi, ng'ambo kuna jiwe la mpaka la Haverby, lina msalaba na herufi H. Lilikuwa limemezwa na miiba, nimelifyekea tangu jana mchana. Njoo ulione kisha urudi kwenye mfereji wa watu kama hulitaki."

Pask, Mungu amrehemu, alikuwa hajui lolote. Alisikia tu jiwe la zamani, macho yakamwaka, akavuka daraja karibu akimbie. Kasisi akivuka, watu wanavuka. Mzee Jabez akashushwa, akabebwa na vijana wawili akiwatukana kwamba wanambeba kama gunia. Tukapita mbele ya nyumba ya matofali, tukazunguka banda, na jiwe likawa pale, limesuguliwa kwa brashi ya shule mpaka H inaonekana.

Pask akapiga magoti akalipapasa. Akafungua kitabu akasoma zaburi. Kisha akauliza, "Nani aligongwa hapa?"

Nilimtazama Neville. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona sikio lake limekuwa jekundu. Enid hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Hakufanya ishara yoyote.

"Bwana Thurlby," akasema, "kasisi ameuliza."

"Nilikuwa mtoto," Neville akasema. "Siwezi kukumbuka kila jiwe."

"Nimegongwa hapa mimi," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, nikarudia. "Arthur Leake. Mwaka 1931. Na Neville Thurlby. Na Cyril Mawer."

"Huyo huyo!" Mzee Jabez akapiga kelele kutoka mikononi mwa vijana. "Niliwagonga mimi! We Neville ulilia kama ndama, nikakupa peremende ukanyamaza. Leo hukumbuki? Peremende yangu nirudishie!"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikudumu, maana walianza kuelewa. Mmoja akamwuliza mwenzake, kama aligongwa hapa si alikuwa wetu? Na kama alikuwa wetu mbona jiweni hayumo? Likazunguka hivyo, mdomo kwa mdomo, mpaka likamfikia kasisi. Akasimama, magoti yana tope.

"Bwana Thurlby, kamati yako iliniambia kijana huyu ni wa Stenby."

"Kwa ramani mpya, Kasisi. Na hata hivyo, tuseme ukweli, mchoro una nafasi sita. Umeshapitishwa."

"Sasa nielewe. Ni mpaka au ni mchoro?"

Neville akageuka kumtafuta mke wake kwa macho.

"Ni mchoro," nikasema. "Ulikuwa mchoro tangu Januari. Nilikuwepo. Waliona majina saba yatapinda, wakatafuta mpaka."

Halafu mama yake Wray, ambaye mwanawe alikufa Burma na jina lake lilikuwa kwenye mchoro upande wa kulia, akasema polepole, "Mngeniuliza mimi. Wangu angesogea." Akaanza kulia, na wanawake wengine wakamzunguka.

Enid hakulia. Alimwendea Neville mpaka akawa karibu naye kabisa, mundu bado mkononi, na nikaona mke wa Neville anarudi nyuma hatua moja.

"Barua ulisaini wewe," akamwambia. "Nilikwenda mpaka Stenby, Neville. Nikaketi kwenye kiti cha mtu namwomba amchukue mdogo wangu kama mtu anayegawa paka. Na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa na uvimbe wake kichwani mwako na ulikuwa unajua."

"Enid, sikukusudia..."

"Ulikusudia lipendeze."

Hakuna mtoto aliyegongwa kwenye jiwe lile siku ile. Tulisahau. Pask alisema tutarudi mwaka mwingine, tukaenda kula mikate ya zabibu bila maneno mengi, na jioni hiyo hiyo kamati ikakutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mlango ukiwa wazi. Asubuhi nikaletewa karatasi: majina saba, kwa kufuata alfabeti, mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Upanga umeondolewa. Karatasi ilikuwa na sahihi ya Neville, kwa hiyo nampa haki yake, alisaini.

Nilianza kuchonga Juni. Enid alikuwa anapita kila siku akitoka shuleni, anasimama mlangoni, anatazama. Nilipofika kwenye jina la nne aliingia ndani akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaweka patasi chini.

"Nilipaswa kusema Januari," nikamwambia.

"Ulipaswa."

"Nisamehe, Enid."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, si wa kujibu kwa adabu. "Umechelewa miezi minne, Arthur. Sitakwambia kwamba si kitu, maana ni kitu. Chonga kwa kina. Mvua ya huku unaijua." Akaketi pale mpaka nikamaliza R, akaondoka kwenda kulima viazi vyake. Urafiki wetu ulianza upya baada ya miaka kama mitatu, kidogo kidogo, na siku ile sikuitaja tena kwake, naye hakunikumbusha.

Bamba lilifunuliwa Jumapili ya Novemba. Baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye makaburi, tarumbeta ya kijana wa bendi inakwama kwa baridi. Neville akavuta bendera. Akasoma majina yote saba, na alipofika kwenye lile la nne hakulipita haraka wala hakuliongezea. Akatoa hotuba fupi kwamba Haverby haisahau watoto wake. Nilimwona Enid anakaza taya, na dakika mbili za kimya zikapita kama zilivyopaswa kupita.

Watu walipoanza kuondoka alibaki. Alikuwa na koti la mama yake na shada dogo la majani aliyoyakata mwenyewe. Alivua glovu, akaweka kidole kwenye M, akakipitisha kwenye herufi zote mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akaliweka shada chini na akasimama. Kwa mara ya kwanza alikuwa na pa kusimama.

Neville akaja. Nadhani alitaka amani, na nadhani kwa njia yake alikuwa mkweli. Alivua kofia, akasimama kando yake, wakatazama wote wawili. Majina saba yalikaa vizuri kweli. Matatu juu, matatu chini, moja katikati. Hata fundi wa mjini asingelipanga vizuri zaidi.

"Lazima nikiri, Enid," akasema. "Limependeza kuliko ule mchoro wa kwanza."

Enid akavaa glovu zake, moja, halafu ya pili.

"Hatukuliweka lipendeze, Neville," akasema. "Tumeliweka kwa sababu hayupo."